Kutoka Kisenge hadi Kwenye Lango Nililolifunga

Sababu ya safari hii ni redio. Ninyi ndugu zangu wa Kisenge mliniona nikiondoka Jumanne na kifurushi cha mihogo mikavu, na wengi mlidhani nakwenda Kolwezi kutibiwa macho. Niliwaacha mdhani hivyo. Sasa nawaandikia ilivyokuwa.

Jumamosi kabla ya hapo, saa kumi jioni, nilikuwa nimekaa uani kwa binti yangu Elisa nikisikiliza habari za Kolwezi. Wabunge wa jimbo walikuwa wakibishana juu ya maandamano ya wachimbaji wa mtaa wa Kasulo, yale ya mwaka uliopita. Mmoja alisema polisi waliwapiga risasi watu wasio na silaha, na lazima wajibu. Mwingine akacheka. "Watu gani hao? Walichoma duka, wakaiba mchele, wakataka kuvunja hata nyumba ya Mungu! Karatasi ninayo hapa. Mzee wa kanisa mwenyewe ametia sahihi." Akasoma jina. Lilikuwa jina langu.

Elisa aliacha kutwanga, akanitazama mimi baba yake. "Tata, njo weye?"

"Njo miye," nilikubali.

"Na ni kweli bile banasema?"

Nilimwambia redio ina kelele, aizime.

Mnajua kwamba kabla ya kuhamia kwenu nilikuwa mzee wa kanisa pale Kasulo, na kwamba ufunguo wa lango ulikaa shingoni mwangu. Jambo ambalo hamkulijua ni hili. Siku ya maandamano nilifunga lango hilo kwa komeo na kufuli. Kijana mmoja aliyekuwa akiwakimbia polisi aligonga, sikumfungulia, akauawa pale pale. Kesho yake kamanda alileta karatasi iliyoandikwa tayari: vijana walikuwa wakivunja lango, polisi wakalilinda kanisa. Nilitia sahihi. Jumapili nilisimama mbele ya waumini nikamshukuru Mungu kwa kutuhifadhia madirisha yetu mapya. Mimi ni mtu wa kushukuru, mnanijua. Hata siku ile nilishukuru.

Redio ilikuwa imesema pia kwamba tume ya wabunge itasikiliza mashahidi siku ya Ijumaa katika ukumbi wa shule moja mjini. Nilikaa siku mbili bila kula vizuri, kisha nikafunga kifurushi.

Jumanne, alfajiri, nilipanda lori la mkaa na mahindi linalopita Kasaji. Tulikaa juu ya magunia. Kando yangu alikuwa mama mmoja mfanyabiashara aliyetoka Dilolo na samaki wakavu wa Angola, na mbele yetu mwanajeshi mstaafu mwenye kofia ya sufu, ingawa jua lilikuwa limeshaanza kuchoma. Barabara ni mchanga mweupe, kisha matope, kisha mchanga tena. Kila lori lilipokwama tulishuka, wanaume wakakata matawi na kuyaweka chini ya magurudumu, na mama wa samaki akatuamuru kama kapita wa zamani, msimamizi wa vibarua.

Karibu na Kasaji mazungumzo yakafika Kasulo. Sikuyaanzisha mimi.

"Bale batoto babaya," alisema mwanajeshi. "Banachoma maduka, alafu banalia polisi banapiga."

"Kwani risasi inajua nani alichoma?" mama alimjibu. "Mi ndugu yangu alikuwa analala mu nyumba, ikamupita hapa." Akagusa sikio.

"Mama, hata kanisa banataka kubomoa! Muzee wa kanisa mwenyewe aliandika. Sasa muzee wa kanisa naye ni mubongo, anaongopa?"

"Labda alipewa soda."

Watu wakacheka. Mwanajeshi akanigeukia. "Tata, weye unaonekana mutu wa Mungu. Unasema nini?"

Nilisema, "Mungu anajua." Waliinamisha vichwa kwa heshima, kama kwamba nilikuwa nimesema neno la hekima. Soda sikupewa. Nilitia sahihi bure, na hilo halinipunguzii kitu. Mama alinikatia kipande cha samaki, nikakipokea kwa mikono miwili, nikakifunga pamoja na mihogo yangu.

Jumatano, saa nane mchana, lori lilituacha Mutshatsha. Nilifikia kwa rafiki yangu wa siku nyingi, katekista wa Kikatoliki, ambaye sitamtaja jina kwa sababu hapendi kutajwa. Tumebishana juu ya Bikira Maria miaka thelathini na hatujawahi kukasirikiana. Mkewe alipika bukari ya unga wa mahindi na sombe ya majani ya mihogo. Baada ya kula nilimwambia kila kitu, au karibu kila kitu.

Alisafisha miwani yake kwa shati.

"Samweli, shida yenu Baprotestanti ni hii. Shiye Bakatolika tuko na padiri, tunaungama mu sikio yake, inaisha. Weye sikio yako iko wapi?"

"Ninamwungamia Mungu moja kwa moja."

"Uliungama?"

"Kila siku."

"Na mama ya ule kijana, ye anasikiaka maombi yako?"

Niliomba mahali pa kulala. Alinipa shuka safi na asubuhi akanitafutia nafasi katika gari la mtu anayepeleka kuku.

Alhamisi, adhuhuri, Kolwezi. Sijui niwaelezeje mji huo ninyi mliozoea utulivu wa mgodi wetu wa zamani. Milima si milima, ni udongo uliotolewa chini. Malori makubwa hupita moja nyuma ya jingine, na vumbi hukaa juu ya majani ya miembe mpaka mtu asahau rangi yake. Kasulo penyewe, nyumba zimesimama juu ya mashimo. Watu walichimba kobalti chini ya vyumba vyao, kwa hiyo ukitembea unaangalia miguu yako.

Nilikwenda kwanza kwa mama wa marehemu, Mama Ngoie. Mwanawe aliitwa Ilunga. Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu Mutshatsha. Nilimkuta amekaa chini kwenye mkeka, nguo nyeusi imepauka, nywele hazijanyolewa. Ua haukuwa umefagiwa. Hapo nilielewa kwamba kilio, yaani matanga, bado hakijatolewa, mwaka mzima na zaidi.

"Tata Samweli! Karibu! Samahani, kwetu ni kuchafu." Alitaka kusimama, nikamkataza. Akamwita jirani aniletee kiti na maji.

Nilimwuliza kwa nini kilio hakijaisha. Wale wa asili ya kaskazini mwa Katanga mnajua desturi: kabla ya kunyoa na kufagia, lazima mtu aliyekuwepo aeleze kifo, mbele ya ndugu za baba, tangu asubuhi ya siku ile mpaka pumzi ya mwisho, bila kuruka, na wao waulize wanachotaka.

"Nani ataeleza?" alisema. "Hakuna mutu alionaka. Na bandugu ya bwana yangu banakataa kuya. Banasema karatasi inasema alikuwa anavunja kanisa. Mwizi wa kanisa, banasema, habamulilie. Mi nabaki tu hapa chini." Akaniangalia kwa upole. "Karatasi ni ya polisi, mi najua, lakini weye ulikuwa mule ndani ya kanisa, Tata. Haukusikia hata sauti yake?"

Hapa ndipo nilipopaswa kusema. Maji yalikuwa mkononi mwangu, baridi, katika kikombe chake kizuri chenye maua. Nilisema, "Mama, kesho uende kwenye ukumbi wa tume." Nikanywa maji yake yote, nikaondoka. Nimefanya mambo mengi ya aibu ambayo nimeyasahau. Maji yale niliyoyanywa sitayasahau.

Ijumaa, saa tatu asubuhi, ukumbi ulijaa. Upande mmoja walikaa vijana wachimbaji, upande mwingine maafisa waliovalia vizuri. Mwenye duka lililochomwa alizungumza kwanza, na alilia kweli. Ada ya shule ya watoto wake ilikuwa ndani ya duka lile. Vijana walipopiga kelele, mwenyekiti wa tume, mwanamke mwenye sauti ndogo, aliwanyamazisha: "Huyu naye anaumia. Mumusikilize." Nilimheshimu kwa hilo.

Nilikuwa nimejiandikisha mlangoni kama shahidi, kisha nikaitwa. Nilisema kwamba karatasi ni ya uongo na sahihi ni yangu. Nilisema Ilunga hakuvunja kitu. Alikuja peke yake, mikono mitupu, akagonga. Nilimwona kupitia ufa kati ya lango na nguzo. Polisi mmoja alipofika, Ilunga alipiga magoti, akaweka mikono kichwani. Polisi akapiga risasi.

Mbunge yule aliyesoma jina langu redioni alisimama. "Tata, mbele ya kamanda ulisema hivi, leo unasema vile. Twambie, uliongopa siku gani, ili tujue siku ya kukuamini." Watu wake wakacheka.

"Onorable, usiniamini," nilimjibu mheshimiwa huyo. "Twende kwenye lango. Kuna tundu la risasi kwenye bati la lango, kimo chake ni hapa." Nikagusa paja langu. "Mtu aliyesimama akivunja lango hapigwi chini hivyo. Nililiziba mimi mwenyewe kwa kipande cha bati na rangi ya buluu, kabla ya ibada ya Jumapili, ili waumini wasilione."

Kicheko kikaisha. Nilimwona Mama Ngoie amesimama nyuma, karibu na mlango. Alinitazama kidogo, akatoka.

Tulikwenda. Mwenyekiti mwenyewe alikwangua rangi kwa ufunguo wa gari lake mpaka kiraka kikaonekana. Afisa mmoja alisema huenda risasi ilidunda kwenye jiwe. Mwingine akaanza kueleza uzito wa kazi ya polisi siku ya fujo, na labda si yote aliyosema yalikuwa uongo. Walibishana pale barabarani mpaka mchana. Mwenyekiti aliandika kwamba karatasi yangu haitatumika tena, na kwamba jina la polisi yule litaulizwa. Mpaka ninapoandika, bado linaulizwa.

Jioni jirani wa Mama Ngoie alikuja mahali nilipolala. Hakunisalimu. "Mama anasema, bandugu banakuya kesho. Uende ueleze."

Jumamosi asubuhi nilikaa chini, bila kiti, mbele ya ndugu watatu wa marehemu baba yake Ilunga. Mkubwa wao, Tata Banza, ni mchomeleaji wa vyuma, mikono yake imejaa makovu ya moto. Mama Ngoie alikaa kwenye mkeka wake, amenipa ubavu.

Wabunge walikuwa wameniuliza nilichokiona. Hawa waliniuliza nilichokifanya. Niliamka saa ngapi? Nilikula nini? Nilisikia risasi ya kwanza nikiwa wapi? Nilieleza kwamba nilikuwa nikifuta madirisha mapya kwa gazeti la kale, na kwamba niliposikia kelele wazo langu la kwanza lilikuwa vioo.

"Bioo?" Tata Banza aliuliza.

"Vioo."

"Bilikuwa bingapi?"

"Kumi na viwili."

Alitikisa kichwa polepole, kama fundi anayepima kitu. "Endelea."

Nilipofika kwenye kugonga, Mama Ngoie alizungumza bila kugeuka. "Aligonga mara ngapi?"

"Mara tatu kwa ngumi, mama. Kisha kwa kiganja, polepole. Hizo sikuzihesabu."

"Alisema nini?"

"Alisema, Tata Samweli, fungula, ni miye Ilunga wa Mama Ngoie."

Wanawake waliokuwa nyuma wakaanza kulia. Mama Ngoie aliinua mkono, wakanyamaza.

"Alikuwa anajua kama uko mule."

"Alijua."

"Ulimuyibu nini?"

Neno hili sikuwaambia wabunge. Sikumwambia katekista. Katika maombi yangu ya kila siku nilikuwa nikilipita juu juu, kana kwamba Mungu naye hakulisikia.

"Nilimjibu kupitia lango, mama. Nilimwambia, mwanangu, enda na amani."

Hakuna aliyelia. Tata Banza alitazama mikono yake. Kisha alisimama, akasema kwa sauti ili majirani wasikie: "Tumesikia. Mutoto yetu hakuwa mwizi. Mumulilie, alafu munyoe, mufagie."

Wakalia, wakanyoa, wakafagia. Vumbi la mwaka mzima lilitoka katika ua ule. Mchana bukari ilipoiva, watu waliketi kwa makundi, na mimi sikujua niende wapi. Nikasikia sauti ya Mama Ngoie jikoni: "Sahani ya ule tata, mumupelekee pale inje, pa mulango."

Waliniletea. Nilikula nje ya mlango, peke yangu, nikamaliza. Ilikuwa haki yangu, wala si zaidi.

Jumatatu nilianza kurudi, Jumatano nikafika. Barabara ilikuwa ile ile. Nikiulizwa nimejifunza nini, nasema kwamba wabunge watabishana tena juu ya nani alianza, mawe au risasi, na ni vema wabishane, na polisi wajibu. Lakini mabishano hayo yote yalisimama mwaka mzima juu ya sahihi ya mtu aliyeogopa kwa ajili ya vioo, na mtu huyo ninyi mlimwita mvumilivu. Nilikuwa nimekaa kimya, basi.

Jumapili iliyopita mchungaji wetu, ambaye hakujua nilikotoka, aliniita nifunge ibada kama kawaida. Mlisimama wote, mkainamisha vichwa. Niliomba vizuri mpaka mwisho, nikafika pale ambapo mzee huwaambia watu waende na amani, nikaishia hapo, nanyi mkangoja. Mlidhani nimeugua. Elisa alikuja akanishika mkono. Sikuwa mgonjwa. Maneno hayo nilikwisha kuyatumia.