Noti Mbili za Rupia

Nakumbuka siku moja nilishika pasi ya makaa nikaharibu kitu kisichotengenezeka, nami nikadhani nimefanya jema. Ilikuwa miaka ya hamsini, pale kijijini Wema, kando ya mto Tana. Nilikuwa bibi arusi wa miezi mitatu, nikikaa na mama mkwe wangu, Mama Habiba, mjane. Mume wangu alikuwa kibarua Mombasa.

Mwanangu, Tana ilikuwa imefurika ikabeba mpunga wetu wote, hata mbegu hatukubaki nayo. Ndipo mama akatoa sandukuni noti mbili za rupia. Marehemu baba mkwe alilipwa hizo kwa kuwabebea Waingereza mizigo katika vita vile vya kwanza vya dunia. Rupia zilishakufa zamani, chumvi hazinunui. Lakini tulisikia Garsen kuna mwenye duka, Bwana Karimu, anayenunua pesa za kale.

Mama alipokwenda mtoni kuteka maji nikazitazama. Chafu, zimekunjamana, kingo zimechakaa. Niliona haya tukizipeleka vile mbele za watu. Nikaosha moja kwa sabuni, nikaianika, nikaipiga pasi, nikaipunguza kingo kwa makasi. Nanyoosha mkono nichukue ya pili, mama akaingia. Aliichukua ile chafu akaifunga kitambaani.

Tulipofika Garsen, Bwana Karimu alizipokea kwa ncha za vidole, akachukua kioo chake cha kukuzia. Yangu aliigeuza mara moja tu.

"Nani ameiosha hii?"

"Mimi, bwana. Nilitaka ipendeze."

"Binti, rangi umeitoa, kingo umezikata, karatasi imelegea. Hii wekeni iwe ukumbusho."

Nilitamani ardhi inimeze. Kisha akainua ile chafu kwenye mwanga wa dirisha, akaniita. Ndani ya karatasi ilitokea alama ambayo mezani haikuwapo kabisa! Akanipa kioo. Nikaona mistari myembamba kuliko nywele za kichanga, imepita huku na huku wala hakuna uliokatika. Sikujua kama mkono wa binadamu waweza kufanya vile. Na pembeni, alama ya dole gumba, ya udongo wa mtoni.

"Hilo doa linapunguza bei kidogo," akasema, "lakini msilifute. Noti hizi zilirudishwa serikalini zikachomwa. Zilizobaki ni chache, na zisizochezewa ni chache zaidi."

Mama akainama, akalitazama lile dole kwa muda mrefu.

"Ni mume wangu huyu," akasema taratibu. Halafu akaisukuma noti mbele. "Chukua. Mwenyewe angetaka tule."

Tulirudi na mbegu, na fedha za kununua mtamba wa ng'ombe. Njiani nililia. Mama akaniambia, "Sikukasirikia mkono wako, mwanangu. Ila ungeniuliza."

Basi nami nakwambia wewe. Ukikuta noti ya kale katika sanduku la wazee wako, usiioshe, usiipige pasi, usiigundishe wala usiikate. Ishike kwa ncha za vidole, iinue kwenye mwanga, kisha mtafute ajuaye. Na kabla hujasafisha chochote cha mwenzio, hata kwa mapenzi, muulize kwanza.

Mwenyezi Mungu akupe jicho la kuona na subira ya kuuliza, na nyumba yako isikose chakula. Amin.