Mtutu Alioufungua Baba

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, Jumamosi moja ya mvua za masika, saa nne asubuhi, baba yangu aliifungua bunduki aliyoipenda, na haikufungwa tena. Tumemzika majuzi, na asubuhi ile inanirudia kila nikipiga magoti.

Tuliishi mtaa wa Jericho, jijini, nyumba ya vyumba viwili. Baba alifanya kazi kiwandani na alikuwa mzee wa kanisa, lakini ujanani aliwaongoza wawindaji wa kizungu, na mmoja wao alipoondoka nchini alimwachia bunduki yake. Baba aliikatia leseni, na kila likizo alikwenda kuwinda. Safari ya mwisho risasi ilikwenda upande, ikamjeruhi kongoni. Baba alimfuata mchana kutwa mpaka akammaliza, akarudi nyumbani bila hamu ya kula. Mtutu umechakaa, alisema, na yeye hatamtesa tena mnyama wa Mungu.

Ndipo akanichukua mpaka kwa Kamau, fundi wa bunduki karibu na Soko la Burma. Kamau alikuwa na mitutu miwili ya kumfaa. Mmoja ulikuwa mpya, wa pili ulitoka kwenye bunduki ya mtu aliyefariki, na bei yake ilikuwa nafuu. Baba aliuelekeza kila mmoja dirishani, akachungulia, kisha akanipa na mimi. Ndani ya ule mpya niliona miviringo ya mwanga, mmoja ndani ya mwingine, kama bakuli zilizopangwa. Ndani ya ule wa marehemu, miviringo ilikuwa imebonyea kidogo, kumbe ulikuwa umepinda. Nilipomwambia, Baba alicheka.

"Kamau, umemsikia fundi mkubwa?"

Tukachukua mpya.

Kukhu, yaani mama yake Baba, alikuwa amekuja kutoka Bungoma kumsubiri Mama ajifungue. Aliposikia habari za mtutu alimwonya Baba. Mke akikaribia siku zake za kujifungua, mumewe hakazi wala hakaziwi kitu cha chuma, maana anachokikaza kinaifunga na njia ya mtoto. Baba alimjibu kwa heshima kwamba sisi ni watu wa kanisa. Wiki hiyo hiyo Kamau akaukaza mtutu.

Uchungu ulimshika Mama Ijumaa jioni. Kulipokucha mtoto alikuwa bado, na mkunga alikuwa ametuma mtu atafute gari la kumpeleka hospitali. Kukhu alikuwa ameshafunua sufuria zote, amefungua sanduku la nguo, amelegeza hata kamba za viatu vyangu vya shule. Mwishowe akasimama mbele ya Baba, ambaye alikuwa akiomba.

"Kila kitu humu ndani kiko wazi, mwanangu," alisema. "Kimebaki chako."

Baba alimaliza maombi yake mpaka Amina. Kisha akachukua mfuko wa bunduki, akanishika mkono, tukatoka kwenye mvua.

Kamau alikuwa akinywa chai. Baba alipomwambia aung'oe mtutu, alidhani ni mzaha.

"Juzi umenitoa jasho nikikaza, leo nifungue? Mzee wa kanisa, bunduki imekukataa, ama ni wewe umeikataa?"

"Fungua tu, Kamau. Mama yake huyu Nekesa ana uchungu tangu jana."

Kamau aliweka kikombe chini. Aliibana bunduki kwenye jiliwa, wakaning'inia wote wawili kwenye spana, Baba akiwa amevua kofia kama yuko ibadani, mpaka chuma kikalia na kulegea. Kamau alinipa mtutu niubebe.

"Ungeniambia mapema," alimwambia Baba taratibu. "Hata mama yangu aliushika mwiko huo."

Tulipofika mtaani kwetu, jirani alitupokea kwa vigelegele. Ni kijana, na mama yake yuko salama. Baba akauliza amezaliwa saa ngapi. Jirani akasema redio ndiyo kwanza ilikuwa inaanza taarifa ya saa nne. Baba alitazama saa yake, akanitazama mimi.

Mtoto aliitwa Wafula, kwa ajili ya mvua. Baba alisema ataurudisha mtutu Mama akipata nguvu. Kabla hajafanya hivyo, serikali ikapiga marufuku uwindaji, na bunduki akaikabidhi polisi ikiwa vipande viwili. Haikupiga risasi hata moja kwa mtutu ule.

Alipozeeka nilimuuliza kama alijuta.

"Ulikuwa mtutu mzuri sana," alisema, akatabasamu. "Tulichagua vizuri."

Sijawafundisha wanangu kwamba chuma kinaweza kumzuia mtoto. Anayefungua tumbo ni Mungu. Lakini nilimwona Baba akining'inia kwenye ile spana, na tangu siku hiyo sijawahi kujiuliza kama alitupenda. Majuzi Wafula ndiye aliyetangulia kushika jeneza lake.

Ee Bwana, mtumishi wako amefika mlangoni kwako mikono mitupu. Mfungulie. Amina.