Pole Niliyoiandika Siku Tatu

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba mtu huimaliza lugha kwanza, kisha ndipo aizungumze.

Nilikuja Mombasa kutoka Ukambani mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikapata kibarua cha kupakua magunia ya viazi katika soko la Kongowea. Nilipanga chumba Mishomoroni na kijana mwenzangu wa nyumbani, aliyesukuma mkokoteni soko hilo hilo. Kiswahili nilikuwa nacho, cha darasani. Lakini nilipomsikia mama mwenye nyumba akizungumza uani, nilifunga kinywa. Kwake kila neno lilijua jirani yake ni nani.

Nikanunua kitabu cha sarufi kilichong'oka jalada. Nilijifunza ngeli kama mtu anayedaiwa. Nilichora sentensi kwa matawi kwenye karatasi za mifuko ya saruji: kiima huku, kiarifu kule, vijitawi chini yake. Kwenye karatasi sikukosea. Nikitaka kusema, Kikamba kinawahi kufika mdomoni. Basi nikajiambia sijawa tayari, nikarudia sura ya kwanza. Niliirudia mara nyingi mno, naona haya kusema ni ngapi.

Mwenzangu hakuwa na kitabu. Aliongea ovyo na kila mtu, na mimi, naungama, niliyaandika makosa yake kwa siri nyuma ya daftari. Baada ya miezi kadhaa ikabidi nianze kuyafuta. Yalikuwa yamemtoka yenyewe, moja baada ya jingine, wala si kwa mpangilio wa kitabu changu. Jambo hilo lilinikera sana.

Mama mzazi wa mwenye nyumba, bibi mzee, alikaa barazani kila asubuhi akisuka ukili wa mikeka.

"Shikamoo, bibi," nilisema.

"Marahaba. Bubu wangu, umeamkaje?"

"Salama."

"Na leo ni hilo moja tu? Haya, nenda. Kesho niongezee la pili."

Nilikwenda sokoni nikiliandaa hilo la pili. Sikulitoa kamwe.

Siku moja tulirudi mchana tukakuta mikeka imetandikwa nje na watu wamejaa. Bibi alikuwa amefariki alfajiri, wangemzika baada ya alasiri. Mwenzangu hakubadili hata shati. Alimwendea mama mwenye nyumba mlangoni, nikamsikia: "Pole mama. Shosho yetu hii imeenda." Baada ya pole, kila neno lilikuwa limekosewa, hata bibi alimwita shosho. Mama alimshika mkono, akalia.

Mimi niliingia chumbani kuandika pole yangu. Niliandika, nikafuta. Nilitaka sentensi inayomstahili yule bibi, isiyo na doa. Nilisimama, nikakaa, nikachungulia dirishani, nikakaa tena. Mwenzangu alikuja kunichukua tukazike.

"Unaandikia serikali?" aliuliza. "Watu wanalia, wewe unapanga ngeli!"

Nilimwambia atangulie. Wakazika bila mimi. Siku ya pili niliona nimechelewa, kwa hiyo sentensi ilihitaji pia kuomba radhi, ikarefuka, na kadiri ilivyorefuka ndivyo nilivyoiogopa. Siku ya tatu ilisomwa hitima ya kumwombea bibi. Niliisikia nikiwa nimejifungia.

Watu walipotawanyika, mlango uligongwa. Alikuwa mama mwenye nyumba, ameshika sahani ya wali.

"Mwanangu, tumekukosea nini?"

Nilirudi nyuma kumpisha aingie.

"Mama yangu alikupenda. Ukichelewa sokoni alikuwa haingii ndani mpaka akuone. Nyumba nzima imekuja, majirani wote wamekuja, wewe uliye hapa hapa hukutoka. Kama hututaki, tuambie tujue."

Karatasi ilikuwa mkononi mwangu. Sikuweza kusoma hata mstari mmoja.

"Mimi naogopa," nikasema. "Kukosea."

"Kukosea nini?"

"Kiswahili."

Alinitazama, akaitazama karatasi. "Wallahi? Ni hilo tu?" Akacheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia, sahani ikainamia upande. Niliipokea isianguke. Nikasema pole. Nikasema bibi alikuwa akiniuliza kila siku na mimi sikumjibu vizuri hata siku moja. Nilichosema hakikuwamo katika karatasi yoyote, na najua kilikuwa na makosa kwa sababu niliyasikia yakipita. Yeye alijibu tu, "Nishapoa, mwanangu. Kula."

Miaka baadaye nilisoma kwamba anayejifunza lugha huwa na sarufi yake mwenyewe, iliyo kati ya lugha ya kwao na ile anayoitafuta, na kwamba hukua kwa kutumika. Nilifikiri juu ya ile orodha nyuma ya daftari, nikaona aibu upya.

Siku hizi nasema kwanza, kitabu nakifungua nikirudi nyumbani. Ngeli mbili tatu bado zinanishinda. Msiba ukitokea mtaani, naenda siku hiyo hiyo.