Pima Kumi na Mbili za Baba

Harufu ya kamba mpya ya katani, nikiipata pale madukani Kalerwe, hadi leo inanirudisha siku kamba ilipoingia kwa dirisha letu Kyebando, ikapita juu ya kitanda alikolala mama na homa yake, ikatokea upande wa pili. Lubowa akasema, "Mpaka ni hapa. Bomoeni." Vijana aliokuja nao wakabomoa, mama akiwa bado anatafuta leso ya kujifunga.

Sasa mnisikilize jinsi nilivyowasaidia Lubowa na watu wake.

Kiwanja kile baba alikinunua kwa Lubowa huyo huyo. Karatasi ilisema upana ni pima kumi na mbili. Pima baba aliijulia kwa wazee wa kambi ya jeshi, waliopimia nayo kina cha visima: unashika kamba, unatandaza mikono yote miwili, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, hiyo ni moja. Siku ya kununua alitandaza baba mwenyewe, Mwacholi mrefu ambaye majirani walimtania kwamba akisimama Kyebando anaweza kumpa mkono mtu wa kilima cha Naguru.

Alipofariki, matanga hayajaisha, Lubowa akaja na kamba, pamoja na mwenyekiti wetu wa kijiji, Katende.

"Nyabo, pole sana," akamwambia mama pale kitandani. "Karatasi inasema pima, lakini mwenye mikono hayupo. Kwetu sisi mrithi ndiye baba mwenyewe. Na mutoto ni huyu mumoja tu, si ndiyo?"

Akanigeukia, msichana wa miaka saba. "Haya, mzee! Njoo upime kiwanja chako!"

Niliona fahari, sitawaficha. Nilijinyoosha hadi makwapa yakauma, nikahesabu kwa sauti mpaka kumi na mbili. Katende akanipigia makofi. Kamba ikaishia katikati ya nyumba.

Nusu iliyobaki ilianguka na mvua ya kwanza. Tukalala nyuma ya vibanda vya Kalerwe, kifua kikamshika mama, hakupona. Shule yangu iliishia darasa la tatu.

Nimekuja kuelewa ukubwani: pima ni ya mwili uliosimama siku ya mapatano, hairithiwi. Katende alijua, maana siku ya kununua yeye ndiye aliyemshikia baba ncha ya kamba. Amekufa na siri hiyo.

Wewe Lubowa uko hai, umejenga vyumba vya kupangisha palipokuwa kitanda cha mama. Pole yako siitaki. Toka nje mchana, majirani wakiwepo, ujibu. Mama alikuwa na mikono. Katende alikuwa nayo. Wewe ulikuwa nayo. Kwa nini mliita ya mtoto?