Ugonjwa Ulioandikwa Mgongo

Shule niliiacha darasa la nne na sijawahi kuijutia. Kufikia mwisho wa miaka ya tisini nilikuwa na malori ya mchanga, na kati ya Katelembo na Machakos mjini ni nadra kuona nyumba ya mawe ambayo mchanga wangu hauko ukutani. Wenye digrii walikuwa wakinibishia hodi kabla ya chai, wakiniomba niwapelekee mzigo. Nasema hivi ujue ni mtu wa aina gani aliyeshindwa na karatasi ya hospitali.

Ndugu yangu mdogo ndiye aliyekuwa mkubwa wa wapakiaji wangu. Kwa koleo hakuna aliyemfikia. Alikuwa ameoa juzi tu, mtoto wake bado ananyonya. Kiangazi kimoja akaanza kuketi ovyo kando ya lori, mkono kiunoni, na vijana wakamcheka.

"Huyu bibi yake anammaliza."

"Mwacheni, anafanya kazi mbili."

Kumbe pumbu lake moja lilikuwa limevimba, gumu kama kokoto. Halikumuuma, kwa hivyo alilinyamazia. Mgongo ulipoanza kumuuma ndipo akaenda hospitali, tena kwa hiari yake, akikusudia kusema yote. Lakini pale mezani, aliyekuwa akiwauliza wagonjwa shida yao na kuiandika, alikuwa muuguzi mmoja, mdogo wa mama mkwe wake.

Kwetu Ukambani, mdogo wa mama mkwe ni mama mkwe, naye unamwita mwaitu, yaani mama. Kuna kitu tunaita nthoni, heshima na aibu zikiwa kitu kimoja. Huli naye sahani moja, na habari za chini ya mshipi hazipiti kati yenu hata kwa mzaha.

"Unaumwa wapi, mwanangu?"

"Mgongo, mwaitu."

Hakudanganya, mgongo ulimuuma kweli. Muuguzi akaandika mgongo. Daktari akasoma mgongo, akamwuliza anafanya kazi gani, akajibiwa napakia mchanga. Nani angeuliza zaidi? Akapewa vidonge vya maumivu.

Tangu hapo kila aliporudi faili ilifunguliwa kabla yake. Daktari mwingine alianzia pale wa kwanza alipoachia, na ndugu yangu naye akaona aibu kubadilisha maneno. Alipoandikiwa barua ya kwenda hospitali kubwa Nairobi, maneno ya barua yalitolewa humo humo kwenye faili, tukapelekwa foleni ya mifupa. Mimi nilivaa suti siku hiyo, nikijua suti itatusogeza mbele. Haikutusogeza. Tulipewa tarehe ya mbali, tukarudi, akapigwa picha ya mgongo, tukaambiwa mifupa ni mizima. Yeye wakati huo suruali ilikuwa inashikwa na kamba, na alikuwa ameanza kukohoa.

Aliyeuona ugonjwa alikuwa daktari kijana, mgeni Machakos. Alisikia kile kikohozi, akafunga mlango, akamwambia avue kila kitu. Mimi nilikuwa kwenye benchi nje. Baadaye akaniita ndani.

"Wewe ni kaka yake? Ulikuwa unajua?"

"Kujua nini?"

Akaniambia: saratani ya pumbu. Ilikuwa imepanda nyuma ya tumbo, hapo ndipo mgongo ulipokuwa ukiuma, na sasa iko kwa mapafu. Nikauliza kama ingetibika. Akasema hii ni moja ya zile zinazosikia dawa sana, ikishikwa mapema. Ndugu yangu alikuwa akifunga vifungo vya shati, anatazama ukuta.

Tukapeleka faili chumba cha rekodi. Karani wa huko, mama wa miwani, kazi yake ilikuwa kugeuza jina la ugonjwa kuwa herufi na namba, ili serikali ihesabu, na hospitali nyingine ielewe bila kupambana na mwandiko wa daktari.

"Futa huo wa mgongo," nikamwambia.

"Hapa hatufuti, mzee. Naandika huu mpya chini yake."

"Unajua mimi ni nani?"

"Nakujua sana. Uliniletea mchanga wa matope."

Ndugu yangu akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu kiangazi. Kisha akainama dirishani, sauti chini.

"Mama, hii mtaita watu wakisikia?"

"Tuite nini?"

"Jina la ugonjwa."

Karani akamgeuzia ukurasa. Palikuwa pameandikwa C62, basi. "Hiyo ndiyo inakaa hapa. Nani kwa benchi atajua ni nini?"

Akaitazama kwa muda mrefu. Tulipofika nje akaniambia, "Kumbe iko na namba. Ningejua, ningempa yule mama mkwe namba."

Dawa alizianza Nairobi. Nywele zikaisha, kikohozi hakikuisha. Alinishika mkono akasema mama yetu asiambiwe, wala upande wa wakwe. Mkewe ajue, basi. "Sema ni mgongo." Akafariki mvua za vuli zikianza.

Kwa hivyo kwenye mazishi ilisomwa kwamba aliugua mgongo. Na mama yangu, ambaye hakuwahi kuingia darasani hata siku moja, akajumlisha mwenyewe: mgongo, koleo, mchanga, malori. Akasimama mbele yangu, waombolezaji wote wakisikia.

"Umemfanyisha kazi kama punda mpaka akavunjika. Mali yako imemla mwana wa mama yako."

Mimi ni mtu wa kujibu. Nimejibu wakubwa wa barabara, nimejibu polisi, nimejibu hata mchungaji. Siku hiyo niliangalia viatu vyangu. Mkewe aliniangalia kutoka upande wa akina mama, akajifunika uso kwa leso.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo. Sukari nikimpelekea aliwagawia majirani. Nyumba niliyomjengea aliihifadhia mahindi, yeye akalala jikoni kwake. Jumapili nilikuwa nikimkuta njiani akienda kanisani kwa miguu, nikisimamisha lori na kufungua mlango. Alikuwa akingoja pembeni, Biblia kifuani, bila kunitazama, mpaka niufunge na kuendelea.