Shikamoo Yangu kwa Mzee Mbaruku

Nianze na waliokuwepo, maana kila ninapousikia mkasa huu ukisimuliwa pale kwetu Gare mashahidi wanazidi kuongezeka, na mimi aibu yangu inatosha kwa hao hao waliokuwepo kweli. Alikuwepo Fundi Singano, seremala jirani yetu, mwenye karakana na mwenye kompresa. Alikuwepo Mzee Mbaruku, mshenga, aliyetoka Zirai na kanzu nyeupe. Alikuwepo Bi Mwanahawa, shangazi wa kijana aliyetaka kumuoa mdogo wangu. Walikuwepo akina mama wawili waliokuwa wanapeleka karoti sokoni (majina yao siyataji, wenyewe wanajua midomo yao ilifanya nini siku ile). Shangazi yangu Zaina alifika mwishoni, na mdogo wangu Mwanaidi nyuma yake, na laiti wasingefika. Na mimi, Hemedi, niliyekuwa nimepiga magoti kando ya tangi.

Kwetu mimi ndiye wa kwanza. Wazazi walipofariki niliacha shule kidato cha pili nikaenda kushika spana kwenye gereji moja mjini Lushoto, ili wadogo zangu wabaki darasani, na sijawahi kujuta. Kwa hiyo kwa Mwanaidi mimi ni kaka na ni baba pia, na posa yake ilikuwa ije mikononi mwangu. Mwanaidi mwenyewe aliniomba jambo moja tu.

"Kaka, siku hiyo usiguse spana. Oga, vaa, kaa kitini usubiri watu."

Nikamwambia, "Hilo nalo la kuambiwa?"

Kumbe lilikuwa la kuambiwa.

Pale gereji kazi yangu ni kompresa, zile mashine za kujaza upepo kwenye tangi, upepo wa kutia matairi na kupulizia rangi. Zikiumwa ninaziponya, na watu wamenipa jina la Daktari wa Upepo, jina ambalo (nikiri tu) nililipenda kuliko inavyompasa mtu mzima. Basi asubuhi ile nimeshaoga, nimevaa shati lililopigwa pasi, wageni wanatarajiwa saa nne, Singano akanipigia simu.

"Daktari, mgonjwa anakata roho huku. Nina kitanda cha watu cha kupuliza vanishi, nikipuliza mashine inatema mate."

Karakana yake iko chini kidogo ya nyumba yetu, kwenye njia ile ile ya kupandia kwetu. Nikajisemea dakika chache tu, nikateremka. Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo kama punje ya ulezi, na yote yaliyofuata yalitoka humo.

Nilipofika nilifanya kama ninavyofanya siku zote mbele ya watu, nikaweka sikio kwenye tangi kama daktari kweli. Sikusikia upepo ukivuja. Nikapaka povu la sabuni kwenye maungio, halikutoa hata kipovu. Nikamwambia Singano awashe. Geji ikapanda upesi mno, tangi likajaa kabla hajamaliza kukohoa, na mimi nikasema kwa sauti ya kitaalamu kwamba mashine ni nzima, hebu tazama inavyojaa haraka, tatizo ni valvu ya njia ya kutokea. Nikaifungua valvu. Nzima. Nikaifunga. Nikafungua bunduki ya kupulizia, nikaisafisha, nikaifunga. Singano akapuliza tena, upepo ukaisha mara moja na kitanda kikapata madoa meupe kama mtu mwenye mba.

"Daktari," akasema, "mgonjwa wangu alikuwa na mafua. Sasa umempa na kifaduro."

Hapo ndipo nikashtuka. Tangi linalojaa upesi na kuisha upesi si tangi zima, ni tangi lisilo na nafasi, na lisilo na nafasi maana yake lina maji. Kila mtu wa kazi hii milimani kwetu anajua kwamba ukungu wetu unaingia kwenye mashine pamoja na hewa, humo ndani unageuka maji, na maji lazima yatolewe kila jioni. Ni jambo la kwanza ninalowafundisha wengine.

"Mara ya mwisho ulitoa maji lini?" nikamuuliza.

"Kwani lina maji?"

Nikatazama saa. Njia sahihi ni kuzima, kuachia upepo wote utoke, ndipo ufungue kizibo cha chini uyamwage maji taratibu. Lakini upepo ukiwa ndani maji hutoka kwa nguvu na kwa haraka, na uchafu wote unafuata, nami nilikuwa na haraka, basi nikauacha upepo ndani. Singano naye, ili mbao zake zisilowe, alikuwa amefunga pale chini bomba lililopinda, likatazama mlangoni, kizibo kikiwa mdomoni mwake. Nikapiga magoti (nimekunja suruali, namshukuru Mungu kwa hilo), nikalegeza kizibo kwa spana, halafu kwa vidole, hadi nikakisikia kimebaki kwenye uzi wa mwisho. Nikakikandamiza kwa kiganja. Nilitaka kukiachia kidogo kidogo, maji yateremke kwenye mfereji ulio nje ya mlango.

Mlangoni pakaingia kivuli.

"Hodi humu. Tunaulizia nyumba ya Hemedi."

Nikainua macho. Kanzu nyeupe pee, kofia ya kushona kwa mkono, fimbo. Nyuma yake mama mmoja mwenye kanga mpya. Wamewahi.

Sasa mtu asiye wa kwetu atasema ningejibu nikiwa pale pale chini, ningesema mzee nisubiri kidogo. Kwa kweli hilo halikunijia. Sisi tumelelewa hivi: mkubwa akiingia, unaacha ulichoshika, unasimama, unatoa mikono yote miwili. Kumsalimia mzee huku umeshika kazi ni kama kumwambia kazi ni kubwa kuliko yeye. Na huyu hakuwa mzee tu, alikuwa mshenga. Mwili wangu ulisimama wenyewe kabla akili haijafika.

Nikaachia kizibo, nikanyoosha mikono yote miwili, nikasema, "Shikamoo mzee."

Kizibo kikaruka kikagonga kopo la gundi. Halafu yakatoka maji, maji ya kutu ya msimu mzima, mekundu kama udongo wa shamba, yakipiga mbinja, yakamshika Mzee Mbaruku kutoka magotini kwenda juu mpaka kwenye ndevu. Na hayakuisha upesi. Singano alikimbilia swichi na kuzima, lakini tangi lilikuwa limeshajaa, basi tukasimama sote tukingoja liishe, mimi nikiwa bado nimenyoosha mikono.

Maji yalipoisha, Bi Mwanahawa akasema taratibu, "Sisi tulikuja kuposa. Hatukuja kubatizwa."

Wale mama wa karoti wakakaa chini kabisa kando ya njia kwa kicheko. Shangazi Zaina akafika akikimbia, akaona, akajitwika mikono kichwani, akaanza kuomba radhi kwa Kiswahili na kumalizia kwa Kishambaa, maana Kiswahili kilimwishia. Nyuma yake Mwanaidi, amejifunika ushungi. Alinitazama mimi, akatazama spana.

"Kaka," akasema, "ungewaacha wakae kwanza, ndio uwamwagie."

Akageuka akapanda njia. Hakulia mbele ya watu. Ningependa angelia.

Mzee Mbaruku hakunitukana. Alijipangusa ndevu, akasema posa haiingii nyumba ya watu na nguo chafu, si desturi, wao watarudi kwao. Na wakarudi Zirai, na safari ya Zirai ni kushuka mlima mmoja na kupanda mwingine. Mwanaidi akawa hasemi nami ila kwa lazima, chakula kinawekwa mezani, mlango unafungwa. Siku zikapita, kule Zirai kimya.

Basi nikafanya jambo ambalo upande wa binti haufanyi. Nilishuka Mombo, nikapita Muheza, nikapanda tena kwa njia ya Sigi, mpaka nikafika kwa Mzee Mbaruku kuomba radhi, mimi kaka wa binti, nikijua fika watu watasema namtembeza dada yangu kama sahani ya matunda. Nilibeba kanzu mpya imekunjwa vizuri. Nilipofika uani nikakuta ile ya zamani imeanikwa kwenye kamba, na doa liko pale pale, kifuani, kubwa kama kawa. Kutu haitoki.

"Shikamoo mzee," nikasema.

Alielekeza fimbo yake kwenye kamba.

"Unajua siku ile sikukuitikia," akasema. "Uliniamkia, nikajibiwa mimi na maji badala ya kukujibu wewe. Basi shikamoo yako bado ninayo. Nitaiitikia doa hili likitoka. Na hiyo kanzu yako mpya rudi nayo."

"Na posa, mzee?"

"Posa ni ya watoto. Wao wamekosa nini?"

Walikuja tena, wakapokewa nami nikiwa kitini, mikono mitupu, na Mwanaidi ameolewa na yuko vizuri, na mimi tunaongea, ingawa akinipigia simu siku yoyote ya sherehe huanza kwa kuuliza nimeshika nini. Tangu siku hiyo sifungui tangi lenye upepo ndani hata mfalme akisimama mlangoni. Mzee akiingia nikiwa kazini mimi humwambia niwie radhi nikiwa pale pale chini, na anayetaka kuniona sina adabu na anione.

Lakini Mzee Mbaruku huja kwenye kila shughuli yetu na kanzu ile ile, hana nyingine, au anazo na hataki. Nilijaribu kulitoa doa kwa ndimu, nikajaribu na chumvi, alinipa mwenyewe nijaribu. Juzi kwenye akika ya mtoto wa Mwanaidi nilimfuata mbele ya watu wote, nikatoa mikono miwili, nikasema shikamoo. Aliinamisha kichwa, akatazama kifuani pake, akalipapasa lile doa kwa kidole.

"Bado," akasema.