Kahawa ya Kutafuna

Mwaka jana nilipanga nyumba ya likizo Mwanza, katikati ya mji, karibu na ziwa. Kijijini kwetu Ihembe hatuendi kwa mtu mikono mitupu, hivyo nilimpelekea mama mwenye nyumba kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo kwetu mgeni hupewa kwa heshima. Alikichungulia, akacheka mbele ya wapangaji wengine: "Mavi ya mbuzi haya!" Akaimwaga yote kwenye pipa la taka. Sikusahau.

Juzi mama huyo huyo akaja kwetu kumposea mwanawe binti wa kaka yangu. Kazi ya kugawia wageni kahawa ilikuwa yangu. Nikampa kila mtu. Nilipomfikia yeye, nikapiga magoti. "Shikamoo, mama. Wewe nakuruka. Ulisema haya ni mavi ya mbuzi."

Wazee wote wakaacha kutafuna, wakamgeukia.